Ndoo ya Tatu

Kibirizi, Kigoma
25 Januari 2025

Mke mwenzangu Scola,

Anayeandika hapa ni baba yako mdogo Alphonce, maana mkono wangu mimi unajua kuanika dagaa, kalamu haujui. Ninasema, yeye anaandika. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambe.

Habari za Kasulu? Unavaa sweta asubuhi, au bado unajifanya mtoto wa ziwani asiyesikia baridi?

Kile kitabu ulichoniachia likizo, Mbuzi wa Mwalimu Mkuu, tumekimaliza. Alphonce amekuwa akinisomea jioni akishafunga duka lake la chumvi. Ulisema chama chenu cha wasomaji kinataka kila msichana awe na mtu wa nyumbani wa kusoma naye, kwa kuwa simu shuleni ni marufuku, na maoni yake yaje kwa barua yabandikwe ubaoni. Basi bandika haya.

Nimecheka mpaka Armelle, yule fundi cherehani jirani yetu, akaja kuuliza kuna nini. Lakini mwandishi amemwonea mbuzi. Shule nzima inamlaumu kwa kula karatasi za mtihani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza nani alimfunga kamba fupi kutwa nzima pasipo na jani. Mwenye njaa halaumiwi. Na yule mtoto aliyemficha mbuzi jikoni, akamdanganya mwalimu mkuu kwamba ameliwa na fisi, anapewa zawadi mwishoni! Zawadi ya nini? Mtoto akidanganya kwa wema bado amedanganya. Mimi ningemchapa kwanza, zawadi ingefuata.

Mdogo wangu Generoza alipiga simu jana kutoka Kagunga. Unamjua, hawezi kukwambia habari kabla ya salamu yetu ya Kiha kwisha yote. Anailaza simu juu ya kinu, anapiga makofi, nami huku nailaza yangu mezani napiga makofi, mwakeye, mwakeye, mpaka salio linakata hatujasema neno. Ameahidi kuniletea samaki, migebuka ya kukausha.

Kama mume wetu marehemu angekuwepo angekutumia sabuni. Nakutumia mimi, kwa mkono wa Nehemia kondakta. Usiwagawie wote.

Mke mwenzako mkubwa,
Melania

(Mimi Alphonce nimeandika yote kama yalivyosemwa, ila kuhusu yule mtoto sikubaliani na Mama. Uongo wa kumwokoa mtu hauna viboko.)


Kasulu
2 Februari 2025

Bibi, shikamoo.

Mke mwenzako mdogo anakusalimu, anavaa sweta, na sabuni imegawiwa nusu. Nisamehe.

Maoni yako yamebandikwa, na wasichana wa kidato cha nne walisimama mbele ya ubao wakacheka mpaka wakachelewa uji. Mwalimu mlezi wa chama amesema ni mtu mmoja tu, kati ya wote walioandika, aliyemfikiria mbuzi. Sasa kila siku wananiuliza, Bibi wa Kibirizi ameleta nini? Nimekuwa maarufu kwa sababu yako, na wala sijafanya lolote.

Nakutumia kitabu kingine, Ndoo Tatu za Sijaona. Hiki ni cha vijana, si cha watoto, na hakichekeshi. Sijaona ana miaka kumi na minne, analelewa na bibi yake kwenye kijiji kikavu, kama ulivyonilea mimi, ila sisi maji tunayo mpaka mengine tunayaogopa. Kila siku anachota ndoo tatu kisima cha mbali. Sikwambii zaidi. Wenzangu wengine wanasema mwisho wake ni mkatili, mwandishi angeweza kuumaliza vizuri akitaka. Mimi nasema ndio mwisho bora kuliko yote niliyosoma. Tunagombana bwenini kwa ajili ya kitabu hiki, na nimeapa kwamba wewe utakuwa upande wangu.

Usiniaibishe.

Baba mdogo, shikamoo. Msomee polepole, hasa sura ya mwisho.

Mjukuu na mke mwenzako,
Scola


Kibirizi
15 Februari 2025

Kwa Scola,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tu wazima.

Mama anasema kitabu cha Ndoo Tatu amekipenda. Anasema Sijaona ni mtoto mwenye juhudi na vijana wamuige. Ndoo ya kwanza aliyoimwagia miche ya mpapai ilimfurahisha, kwa sababu mtu wa kiu anayekumbuka mche ana imani. Ndoo ya pili aliyompa jirani waliyekosana naye, hapo Mama alisema yeye angempa nusu.

Mwisho nao ameupenda. Bibi mgonjwa anakunywa maji ya ndoo ya tatu, anapata nguvu, anainuka na kukaa mlangoni. Mama anasema wanaouita mwisho huo mkatili hawajui ukatili.

Bibi Generoza anakusalimu. Amevuka mpaka kwenda Bujumbura kwa binti yake, na simu yake haipatikani kwa sasa.

Soma kwa bidii.

Kwa niaba ya Mama,
Alphonce


Kasulu
21 Februari 2025

Bibi, shikamoo.

Safari hii barua yako ilikuja imevaa tai. "Mama anasema, Mama anasema." Nikajiuliza kama umemkosea baba mdogo, au yeye ndiye aliyekukosea wewe.

Halafu kuna jambo limetuchanganya. Niliyasoma maoni yako mbele ya chama. Nilipofika kwenye mwisho, wasichana wakatazamana. Umesema bibi alikunywa ndoo ya tatu akainuka. Bibi, kwenye kitabu hainuki. Sijaona anafika na ndoo kichwani, anamkuta bibi yake ameshafariki, na majirani wanamwambia asiingie kwa sababu bado mtoto. Yeye anakataa. Anaingia, na maji ya ndoo ya tatu ndiyo anayomwogeshea bibi yake kwa mkono wake mwenyewe. Hapo ndipo tunapogombania. Wenzangu wanasema mtoto asingeonyeshwa vile. Mimi nasema wangemzuia mlangoni, angebaki mlangoni maisha yake yote.

Labda nakala niliyokutumia imechanika mwishoni? Mwambie baba mdogo aangalie ukurasa wa mwisho.

Nisalimie Bibi Generoza akirudi. Mwambie migebuka na mimi nina fungu.

Scola


Kibirizi
27 Februari 2025

Mke mwenzangu,

Barua hii inaandikwa na Armelle. Alphonce amekwenda Uvinza kuchukua chumvi, na barua yako Nehemia akaniletea mimi mkononi. Sikuweza kungoja. Nikavuka ua, nikamwambia Armelle aache cherehani anisomee.

Kitabu hakikuchanika. Kurasa zote zipo. Armelle alinisomea sura ya mwisho siku ileile barua ilipofika, Jumamosi, neno kwa neno, na kidole chake nikakifuata kwa macho asije naye akanitungia.

Nimelia, Scola. Nimelia kwa sauti. Kisha nikanawa uso nikapika ugali nikala. Presha yangu wanayoiogopa haikunifanya chochote. Mwaka jana nilianguka kwenye msiba wa babu yako, ni kweli, lakini nilianguka kwa kuwa nilikuwa sijala tangu jana yake. Tangu siku hiyo wananibeba kama yai.

Nina hasira na mwanangu. Anadhani aliniepusha na huzuni. Huzuni ya yule mtoto ilikuwa yangu, mimi ndiye niliyekaa naye toka sura ya kwanza, yeye akanifungia mlangoni kama wale majirani. Maoni yangu ya kwanza yafute ubaoni. Niko upande wako.

Na nimeamua jambo. Nitasoma mwenyewe. Kisomo cha watu wazima nilikwenda zamani, nikiwa na mimba ya baba yako, nikaishia kwenye "baba analima" nikajifungua. Herufi bado nazijua sura, ni kuziunganisha tu. Armelle ananifundisha asubuhi, kabla wateja hawajaja. Ananipa maneno ya nguo: shona, kata, pima. Nimeshamaliza ukurasa mmoja wa mbuzi. Nilitoka jasho utadhani nilibeba kokoro la dagaa, lakini nilimaliza.

Sasa sikiliza. Mtu akibadilisha kitabu, unajiuliza amebadilisha na nini kingine. Generoza hajawahi kuvuka mpaka bila kunipigia makofi kwanza. Hajawahi. Namuuliza kila anayeshuka kwenye boti ya Kagunga, wananiambia hajambo huku wanatazama mizigo yao. Alphonce hukuandikia wewe, labda unajua. Kama unajua, niambie. Usimpe mtu anisomee. Andika herufi kubwa, sentensi fupi, nami nitasoma mwenyewe hata nikichukua kutwa nzima.

Melania

Mimi ni Armelle. Yoo, Scola, bibi yako ni mkali! Jana alinipiga kikofi mkononi kwa kumtajia neno kabla hajalimaliza. Mimi kuhusu Bibi Generoza sijui kitu, naapa. Lakini na mimi nimewauliza watu wa boti, na mimi nimewaona wakitazama mizigo.


Kibirizi
3 Machi 2025

Scola mwanangu,

Nakuandikia peke yangu, na barua hii usimwonyeshe mtu.

Nimerudi Uvinza nimekuta Mama hasemi nami. Nimejua kilichotokea. Sikulaumu, hukujua. Sasa inabidi ujue.

Bibi Generoza alifariki tarehe 8 Februari, kwa homa. Aliugua kidogo tu. Nilipanda boti nikaenda kuzika, Mama nikamwambia nimekwenda kudai mzigo. Makaburini Mzee Elikana na wazee wengine wa ukoo walikaa wakaamua Mama asiambiwe kwanza. Wewe unajua desturi, mtu mwenye presha haambiwi msiba ghafla. Anaandaliwa taratibu, na wakubwa ndio wanaokwenda kumwambia. Hata watu wa boti wameshaonywa.

Nilirudi siku ya Jumanne. Jioni akaniletea kitabu, akasema tumebakiza sura moja. Scola, nilikuwa bado nina udongo wa kaburi kwenye viatu. Nilifika pale Sijaona anapotua ndoo, nikaona neno linalofuata, na mama yangu amekaa mbele yangu anangoja. Ningelisomaje? Nikamwinua bibi wa kitabuni. Lilitoka lenyewe mdomoni, na Mama akatabasamu.

Najua amekuuliza. Nakuomba kama baba yako, mjibu kwamba hujui. Tumpe muda mpaka Pasaka. Akianguka tena, atakayemuokota ni mimi.

Baba yako mdogo,
Alphonce


Kasulu
8 Machi 2025

Baba mdogo, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nyuma ya bweni na nimelia mpaka matroni akadhani naumwa. Bibi Generoza ndiye aliyenifundisha kuogelea. Pole sana kwa kumzika bila ndugu yake kando yako. Sidhani kama ningeweza.

Sina hasira nawe kwa sura ile. Ningekuwa na udongo ule kwenye viatu, pengine na mimi ningemwinua.

Lakini siwezi kusema sijui. Baba mdogo, Bibi alishasema tangu kwenye kitabu cha mbuzi na wewe ndiye uliyeandika kwa mkono wako: mtoto akidanganya kwa wema bado amedanganya. Na hataki tena kusomewa. Mwanamke wa umri wake anatoka jasho juu ya neno "kata" ili asidanganywe, halafu barua ya kwanza atakayoisoma maishani mwake iwe na uongo wangu? Hapana. Hiyo sitaifanya, hata ukinikasirikia.

Najua si kazi ya mtoto kutangaza msiba. Kwa hiyo nakuomba wewe umwambie, na Mzee Elikana awe nawe, kama desturi inavyotaka. Sitamwandikia mpaka Jumapili ijayo ipite. Ikipita kimya, namwandikia Jumatatu.

Nakuheshimu sana.

Scola


Kasulu
17 Machi 2025

BIBI, SHIKAMOO.

MWITE ARMELLE AKAE KARIBU. USIMPE BARUA. AKUSHIKE MKONO TU.

UMEKULA? KULA KWANZA. NASUBIRI.

BIBI, ULIULIZA. NAJIBU.

GENEROZA AMEFARIKI.

ALIUGUA HOMA. HAKUUGUA SANA. NI TAREHE 8 FEBRUARI. AMEZIKWA KAGUNGA. ALPHONCE ALIMZIKA.

WALIOGOPA PRESHA. WALIKUPENDA. WALIKOSEA.

NILIMPA BABA MDOGO NAFASI. HAKUJIBU. NISAMEHE MIMI MTOTO KUSEMA.

BIBI, SIKUTAKA UBAKI MLANGONI.

POLE. POLE. POLE.

SCOLA


Kagunga
24 Machi 2025

Mke mwenzangu Scola,

Nimeandika mwenyewe. Armelle alinisaidia maneno marefu tu. Yuko hapa, amefunga cherehani yake akanifuata.

Barua yako nilisoma kutwa. Jina la Generoza nalijua kwa macho, Armelle alilifuma kwenye kitambaa changu. Neno la pili ndilo lilinichelewesha. A, me, fa. Nikasimama hapo. Nilijua. Lakini nilisema nitalimaliza, nikalimalizia.

Sikuanguka.

Nililia na Armelle alilia. Kisha nikala, ulivyoniambia.

Jioni Alphonce akaja na Mzee Elikana. Wamevaa makoti. Mzee akaanza na mvua. Akaenda kwenye mavuno. Akasema binadamu tu wasafiri. Alphonce anatazama viatu. Nikawahurumia. Nikaitoa barua yako, nikaisoma mbele yao kwa sauti, polepole, mpaka mwisho. Mzee Elikana akavua kofia. Alphonce akapiga magoti, akaanza kuomba radhi. Nikamwambia:

"Nieleze alivyokufa. Yote. Usiruke ukurasa."

Akanieleza yote. Usiku nilimpikia. Ni mwanangu, na alimzika mdogo wangu vizuri. Viboko nimemsamehe, zawadi sijampa.

Alipokwisha kula nikasema nakwenda Kagunga. Wakasema ziwa limechafuka, wakasema presha, wakasema ngoja Pasaka. Nikasema nakwenda. Tukapanda boti. Alphonce alikuwa amenishika kiuno njia nzima.

Sasa maoni yangu. Bandika haya, usibadilishe kitu.

Ndoo Tatu za Sijaona ni kitabu kizuri. Mwisho si mkatili. Wakatili ni wale waliosimama mlangoni, nao hawakujua. Mwandishi angemwinua yule bibi angempendeza msomaji siku moja, na Sijaona angebaki na maji ambayo hajui ayafanye nini. Wasichana wanaosema mtoto asionyeshwe wana huruma. Waambie huruma ikae karibu, imshike mtu mkono. Isimzibe macho. Mimi Melania nimesoma sura hiyo mwenyewe mara mbili.

Kaburi liko juu kidogo ya mji. Ukisimama hapo unaliona ziwa mpaka upande wa Kongo. Leo asubuhi nilichota ndoo moja ziwani. Alphonce akataka kunipokea, nikamkataza. Nikapanda nayo, nikipumzika. Nikauosha msalaba kwa mkono wangu. Ulikuwa na vumbi.

Nikaweka ndoo chini, nikapiga makofi. Mwakeye, Generoza. Nikampa nafasi yake ya kujibu. Nikapiga tena. Alphonce alikuwa nyuma yangu, nikasikia na yeye anapiga. Salamu ni ndefu, unaijua. Tuliimaliza yote.

Niletee kitabu kingine. Chenye herufi ndogo sasa.

Melania